Kwa nini wapenzi katika picha za uklasiki mpya wa karne ya 18 wanaonekana wamepoa?

Mchoraji wa Sinza (mwenye mada)

Wakuu, habari za jioni. Nina kikundi kidogo cha vijana ninaowafundisha kuchora umbo la binadamu. Tunakutana Sinza jioni, kila mtu akishatoka kwenye mihangaiko yake. Wengi wametokea kwenye uchoraji wa mabango ya saluni na maduka, na wawili wamepitia Tingatinga pale Oysterbay, kwa hiyo ni watu wenye mkono mzuri na midomo isiyoogopa kusema. Majuzi niliwawekea kwenye projekta picha za mapenzi za wachoraji wa Ulaya wa karne ya 18, wale waliorudi kwenye visasili vya Wagiriki na Warumi. Nilianza na "Paris na Helen" ya Jacques-Louis David, ya mwaka 1788 (Paris huyu ni mwana wa mfalme wa Troy, si jiji la Wafaransa), kisha nikaweka "Psyche na Cupid" ya François Gérard, ya mwaka 1798 (Cupid ni mungu wa mapenzi mwenye mabawa, Psyche ni binti wa kibinadamu). Zote mbili ziko kwenye jumba la makumbusho la Louvre, Ufaransa. Nilitarajia wausifu ufundi, na kweli waliusifu, lakini baada ya hapo walikubaliana kwa sauti moja kwamba hawa watu hawapendani.

Nikiitazama ile ya Gérard siwezi kuwakatalia. Cupid ameinama kumbusu Psyche kwenye paji la uso, lakini mikono yake imemzunguka bila kumshika sawasawa, na binti mwenyewe anatazama mbele kana kwamba ubavuni pake hakuna mtu. Ngozi imelainishwa hadi huoni brashi imepita wapi. Kijana mmoja akasema wamefanana na wale wanasesere wanaovalishwa nguo kwenye maduka ya Kariakoo, na kipindi kikaishia hapo kwa kicheko.

Naomba wenye uelewa wanisaidie. Je, ubaridi huu ni udhaifu wa mchoraji katika kueleza hisia, au aliukusudia? Na kwa nini watu waliobatizwa, walioishi katika nchi za wafalme na maaskofu, waliihitaji miungu ya kale iliyokwisha kuachwa kuabudiwa ili wapate kuchora mapenzi, ilhali wangeweza kumchora kijana na binti wa mtaani kwao? Kuna na jambo la pembeni: kikundini nina mabinti wawili ambao hawajisikii vizuri kukaa mbele ya picha za utupu pamoja na wavulana, nami sitaki kuwalazimisha. Kama kuna picha za mada hiyohiyo zenye stara, nitashukuru kuelekezwa.

Mwalimu mstaafu, Upanga

Mkuu, vijana wako wana macho. Ubaridi upo na ulikusudiwa, ila hauwezi kueleweka mpaka mtu ajue wachoraji hawa walikuwa wanaukimbia moto gani.

Kwa miaka mingi ya karne ile Ufaransa ilikuwa chini ya mtindo uitwao Rokoko, na bingwa wake alikuwa François Boucher, aliyefanywa mchoraji wa kwanza wa mfalme mwaka 1765. Venus, mungu wa kike wa mapenzi, kwa Boucher ni msichana mwenye mashavu mekundu aliyejilaza juu ya mawingu, amezungukwa na watoto wenye mabawa, na hakuna chochote pale kinachokutaka ufikiri. Mwanafalsafa Denis Diderot, aliyekuwa akiandika tathmini za maonyesho ya Salon mjini Paris, alimshambulia Boucher bila huruma, akidai kwamba mtu yule alikuwa na kila kitu isipokuwa ukweli.

Ukitaka kuwaonyesha vijana wako mabadiliko yenyewe, wapeleke kwenye ukumbi mmoja tu. Madame du Barry, hawara wa mfalme Louis XV, alikuwa na jumba la starehe huko Louveciennes, karibu na Paris, na mwanzoni mwa miaka ya 1770 alimwagiza Jean-Honoré Fragonard amchoree picha kubwa za safari ya mapenzi. Fragonard akampa bustani yenye waridi zilizofurika, kijana anapanda ukuta kwa ngazi, binti anageuka upande mwingine kuhakikisha hakuna anayewaona, na mavazi yao ni ya hariri za siku hizo. Kila kitu kinakimbia. Picha zilikamilika, kisha mama yule akazirudisha kwa mchoraji, na mwaka 1773 nafasi yake ikachukuliwa na kazi za Joseph-Marie Vien juu ya mada ileile: wasichana waliovaa kanzu za Kigiriki zilizoanguka wima, hekalu nyuma yao, mpenzi akimvika mwenzake shada la maua kwa utulivu wa mtu anayetimiza ibada. Picha za Fragonard sasa zipo Frick Collection, New York, na mbili kati ya zile za Vien ziko Louvre. Watu wengi wa leo wangechagua za Fragonard bila kufikiri mara mbili, na mimi ni mmoja wao, lakini mteja wa mwaka 1773 alitaka za Vien. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mtindo huu ulizaliwa na Mapinduzi ya Ufaransa, mkumbushe kwamba hawara wa mfalme aliutundika ukutani kwake miaka 16 kabla ya gereza la Bastille kuvamiwa.

Vien mwenyewe aliupata wapi? Ardhini. Uchimbaji wa Herculaneum ulianza mwaka 1738 na wa Pompeii mwaka 1748, miji iliyofukiwa na mlima Vesuvius mwaka 79, na mwaka 1759 huko Stabiae ikapatikana picha ya ukutani ya mwanamke anayeuza vitoto vya mapenzi vyenye mabawa, akimtoa kimoja kwenye tundu kama kuku wa sokoni. Picha hiyo ilichapishwa kwa nakshi mwaka 1762, na mwaka uliofuata Vien akaonyesha yake, "Muuza Mapenzi", ambayo sasa iko kwenye kasri la Fontainebleau, Ufaransa. Muuzaji amepiga magoti, amemshika Cupid mmoja kwa mabawa na kumnyanyua juu ya kikapu ili bibi mnunuzi amwone vizuri. Sura zote zimepangwa kwa ubavu, nyuma kuna ukuta mtupu wenye nguzo, na hakuna anayetabasamu. Diderot aliisifu, ingawa alilalamikia ishara ya mkono anayoifanya yule Cupid, ambayo aliiona haina adabu. Na ukiitafuta utaiona, kwa hiyo usidhani uzito wa nyuso zile uliwafanya wawe watawa.

Kuhusu swali lako la pili, sehemu kubwa ya jibu ni daraja na bei. Akademia ya uchoraji ya Ufaransa ilipanga aina za picha kwa heshima tangu karne ya 17: juu kabisa ni picha za historia, dini na visasili, kisha zinafuata picha za watu, za maisha ya kawaida, za mandhari, na mwisho za vitu visivyo na uhai. Kijana na binti wa mtaani wangemweka mchoraji daraja la chini. Wakiitwa Paris na Helen, picha ileile inapanda juu, inaruhusu umbo zima la mwili bila nguo, na mnunuzi aliyewasoma shuleni Ovid na Homer, washairi wa kale wa Roma na Ugiriki, anajiona msomi kwa kuitundika.

Bi. wa Kigamboni

Shikamoo Mwalimu. Nakubaliana na historia yako, lakini naona umemjibu mwenye mada nusu. Kuukimbia moto wa Boucher hakuelezi kwa nini picha hizi mbili, zilizochorwa na watu wawili kwa miaka kumi ya tofauti, zimepoa kwa namna mbili tofauti. Tuzitazame zenyewe.

Kwenye picha ya David, Paris amekaa kitini uchi, amevaa kofia ya Kifrigia, kinubi mkononi, na amegeuka kumtazama Helen juu, huku akimvuta mkono. Helen amesimama, amemwegemea, kichwa kimeinama, macho hayamtazami. Nyuma yao kuna kitanda ambacho hakijatandikwa. Upande mmoja, juu ya nguzo, kuna sanamu ndogo ya Venus, na ukumbi wa nyuma umebebwa na sanamu za wanawake ambazo David alizinakili kutoka kwa zile alizochonga Jean Goujon ndani ya Louvre katika karne ya 16. Anayejua Homer anaijua saa hii. Katika sehemu ya tatu ya Iliad, utenzi wake juu ya vita vya Troy, Paris ameshindwa kwenye pambano na Menelaus, mume halali wa Helen; Venus amemnyakua kutoka uwanjani na kumweka salama chumbani, na Helen, akilazimishwa na mungu huyohuyo aende kwa mwanamume yule, anamwambia bora angelikufa huko vitani. Nje ya kuta hizi watu wanauana kwa sababu ya wawili hawa. Sasa mwambie kijana wako aliyesema hawapendani kwamba amemsoma Helen vizuri kuliko wahakiki wengi: yule mwanamke ameinamisha kichwa kwa sababu ya aibu, na David ameichora aibu hiyo kwa shingo na kope tu, bila chozi.

Picha hii iliagizwa na Comte d'Artois, mdogo wake Louis XVI, mtu aliyejulikana kwa anasa. Wapo wanaosema David alikuwa anamkejeli mteja wake, na wapo wanaosema alimpa alichotaka. Mimi niko na hao wa pili zaidi, maana rangi ni tamu mno, ile waridi ya nguo ya Helen na buluu ya pazia, kwa mtu aliyekusudia kutukana. Lakini picha haikubaki kwenye nia ya mchoraji. Ilionyeshwa kwenye Salon ya mwaka 1789 pamoja na nyingine ya David mwenyewe, ile ya Brutus aliyeamuru wanawe wauawe kwa kuisaliti jamhuri ya Roma. Na wakati watu wanaingia kuzitazama, Artois alikuwa ameshakimbia nchi kufuatia kuanguka kwa Bastille. Upande mmoja mtu anayeacha vita kwa ajili ya kitanda, upande mwingine baba anayeacha damu yake kwa ajili ya nchi. Mtazamaji wa mwezi Agosti mwaka ule hakuhitaji kuelezwa.

Kwa Gérard mambo ni mengine kabisa. Hadithi ya Cupid na Psyche tumeipata kutoka kwa Apuleius, mwandishi wa karne ya 2 aliyezaliwa Madauros, ambako leo ni Algeria, kwa hiyo ni hadithi iliyoandikwa na mtu wa bara hili, jambo ambalo halitajwi mara nyingi. Psyche anaolewa na mume asiyeruhusiwa kumwona. Humjia gizani na kuondoka kabla ya mapambazuko. Gérard amechukua saa ya busu la kwanza, na amechora kile ambacho hadithi inasema: binti hamwoni anayembusu. Ndiyo maana anatazama mbele. Amejikumbatia kwa mikono yake mwenyewe kwa sababu amehisi kitu kikimpita, kama upepo uliokuja bila mlango kufunguliwa, na juu ya kichwa chake anaruka kipepeo, ambaye kwa Wagiriki alikuwa alama ya roho. Mikono ya Cupid haijamgusa sawasawa kwa sababu ikimgusa, hadithi imekwisha.

Kwa hiyo naweka hivi: wachoraji hawa walichagua dakika ya kabla au ya baada. Boucher anachora mguso wenyewe, wao wanachora nafasi kati ya mkono na bega. Anne-Louis Girodet, mwanafunzi wa David, alikwenda mbali zaidi. Katika "Usingizi wa Endymion", aliyoichora Roma mwaka 1791, mungu wa kike wa mwezi hayupo kabisa kwa umbo; amekuwa mwanga tu, unaopita kati ya majani ambayo kijana mwenye mabawa anayasogeza kwa mkono, na unamwangukia Endymion kifuani na usoni akiwa usingizini. Hapo mpenzi ni mwanga. Sijui kama kuna njia ya moto zaidi ya kuchora kumgusa mtu bila kumgusa.

Msomaji wa Mbagala

Nimefuatilia kimya, lakini kuna mtu kasahaulika. Andromeda alikuwa binti wa mfalme Cepheus wa Aethiopia, yaani kwa Wagiriki nchi ya watu weusi kusini mwa Misri. Ovid, mshairi wa Roma ambaye wachoraji hawa wote walimsoma, anamtaja zaidi ya mara moja kuwa ni mwenye ngozi nyeusi, na kwamba shujaa Perseus alimpenda hivyohivyo alivyo. Fungueni sasa "Perseus na Andromeda" ya Anton Raphael Mengs, ya mwaka 1778, iliyoko Hermitage, Saint Petersburg. Mweupe kama chokaa. Huyu Mengs alikuwa rafiki wa Winckelmann, mwanazuoni Mjerumani wa sanaa ya kale, na ndiye aliyesifiwa kuliko wote kwa kurudisha "usahihi" wa kale. Usahihi gani huo unaoanza kwa kumbadilisha bibi harusi? Naomba wakuu msinipe jibu la "ndivyo ilivyokuwa zama zile".

Mwalimu mstaafu, Upanga

Marahaba Bi. wa Kigamboni, na hoja ya dakika ya kabla na ya baada nimeipokea.

Ndugu wa Mbagala, hoja yako ni nzito, ila iongezee kitu. Mengs hakuwa wa kwanza. Philostratus, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 3, alipokuwa akieleza picha ya Andromeda alisema waziwazi kwamba binti ni mweupe ingawa yuko Ethiopia. Na katika riwaya ya Heliodorus, malkia mweusi wa Ethiopia anazaa mtoto mweupe kwa sababu alikuwa akiitazama picha ya Andromeda iliyotundikwa chumbani. Kwa hiyo wazee wenyewe walikuwa na Andromeda wawili, mweusi wa Ovid katika mashairi yake ya mapenzi na mweupe wa wachoraji, na karne ya 18 ilimchagua mmoja. Siwatetei, kuchagua ni kuchagua.

Kilichowafanya wachague hivyo kinarudi kwenye swali la mwenye mada, na pengine ndicho jibu lake kamili. Winckelmann, katika kijitabu chake cha mwaka 1755, aliisifu sanaa ya Wagiriki kwa usahili wa kiungwana na ukuu uliotulia, na sifa hizo alizisoma kwenye sanamu za marumaru, ambazo rangi zake za awali zilikuwa zimeshafutika kwa karne nyingi. Perseus wa Mengs amesimama kwa mkao wa sanamu ya Apollo wa Belvedere iliyoko Vatican, mguu kwa mguu. Wachoraji walikuwa wanajifunza mwili kwa kunakili jiwe kabla hawajakaa mbele ya mtu hai, na jiwe lile lilikuwa jeupe, laini, bila joto. Ngozi ya Andromeda na ubaridi wa Psyche vimetoka kwenye machimbo mamoja.

Na hapa Ovid anawaumbua. Katika sehemu ya nne ya Metamorphoses, Perseus akiwa angani anamwona Andromeda amefungwa mwambani, na mshairi anasema angemdhania sanamu ya marumaru, kama si upepo uliokuwa ukizitikisa nywele zake na machozi ya moto yaliyokuwa yakimtiririka. Perseus anapigwa na butwaa hadi karibu asahau kupiga mabawa. Yaani mapenzi yanaingia palepale mtu anapogundua kwamba anachokitazama si jiwe. Mengs aliisoma sehemu hiyo, nina hakika, na bado akachora jiwe.

Kisa cha picha yenyewe kinafurahisha. Iliagizwa na tajiri wa Wales, Sir Watkin Williams-Wynn. Meli iliyokuwa ikiipeleka ikatekwa na Wafaransa baharini, na mwisho wa yote ikanunuliwa na Catherine II wa Urusi. Andromeda alitekwa mara ya pili.

Bi. wa Kigamboni

Mwalimu, hilo la nywele na machozi limenimaliza. Naomba tu usiwaweke wote kwenye machimbo hayo. Girodet aliweza kulainisha mwili wa Endymion hadi ukawa kama moshi, si jiwe, na alikuwa anajitahidi kwa makusudi asifanane na mwalimu wake David. Na huyohuyo Girodet mwaka 1799 aligeuza visasili kuwa kisu: mwigizaji mmoja maarufu, Mademoiselle Lange, aliikataa picha aliyomchorea, basi yeye akamchora upya kama Danaë anayekinga sarafu za dhahabu kwa nguo, na pembeni akaweka batamzinga mwenye pete ya ndoa, aliyevikwa manyoya ya tausi, ambaye watu wa Paris walimtambua kuwa ni mumewe. Picha hiyo iko Minneapolis. Danaë wa kale alijiwa na mungu katika umbo la mvua ya dhahabu. Huyu anakusanya malipo. Wanaosema mtindo huu hauna hasira wala utani waitazame hiyo, ingawa si ya kuonyesha kwenye kikundi chenye mabinti wenye haya.

Mwenye mada, nikujibu sasa suala la stara. Mchukue Angelica Kauffmann. Alizaliwa Chur, Uswisi, mwaka 1741, na mwaka 1768 alikuwa mmoja wa wanawake wawili tu, pamoja na Mary Moser, walioanzisha Royal Academy ya London. Hata hivyo, wanawake hawakuruhusiwa kuingia kwenye chumba cha kuchora mwanamume uchi, na Johan Zoffany alipochora wanachama wote wamewazunguka wanaume waliokaa uchi ili wachorwe, katika picha ya mwaka 1771 hadi 1772, mabibi hawa wawili aliwaweka kama picha zilizotundikwa ukutani. Vijana wako wakiona hiyo, kile kizuizi wataelewa bila hotuba.

Penelope wa Kauffmann, wa mwaka 1764, amekaa mbele ya mtambo wa kufumia, ameegemeza kichwa, mbwa yuko miguuni na upinde wa mume wake aliyeko mbali uko karibu naye. Ni mapenzi ya miaka 20 ya kungoja, na mwili wote umevikwa nguo. "Hector akimuaga Andromache", aliyoionyesha kwenye maonyesho ya kwanza ya Academy mwaka 1769, ni mume na mke wanaojua kwamba huenda hawataonana tena. Katika picha tulizozitaja, Vien na David waliwachora wapenzi walio pamoja. Kauffmann alirudi tena na tena kwa mwanamke aliyeachwa au anayesubiri, na naamini kizuizi kile kilimsukuma huko, maana uso na mkono vilikuwa ndivyo alivyoruhusiwa kuvijua.

Lakini kama ni picha moja tu, chukua "Binti wa Korintho" ya Joseph Wright wa Derby, ya kati ya 1782 na 1784, iliyoko National Gallery of Art, Washington. Hadithi ni ya Pliny, mwandishi wa kale wa Roma: binti wa mfinyanzi Butades, mpenzi wake akiwa anakaribia kusafiri mbali, alifuata ukutani kwa mstari kivuli cha uso wa kijana kilichotupwa na taa, na baba akaubandika udongo juu ya mstari ule na kuuchoma pamoja na vyungu vyake. Katika picha ya Wright kijana amelala, kichwa kimeegemea ukuta. Binti amejipinda mbele yake akishikilia kalamu kwa uangalifu mkubwa, maana akimwamsha kivuli kitahama. Taa yenyewe imefichwa, unaona mwanga tu, na kupitia mlango upande wa kulia kuna wekundu wa tanuri. Aliyeiagiza alikuwa Josiah Wedgwood, mfinyanzi tajiri wa Uingereza, ambaye bila shaka alipenda kusikia kwamba uchoraji na uchongaji vilianzia kwenye karakana ya mtu wa kazi yake. Wagiriki waliweka asili ya uchoraji mikononi mwa mwanamke anayependa, na wachoraji wengi wa miaka ile waliirudia hadithi hiyo, akiwemo Jean-Baptiste Regnault mwaka 1785 na Joseph-Benoît Suvée mwaka 1791.

Mchoraji wa Sinza (mwenye mada)

Wakuu, nashukuru sana. Nimeamua kipindi kijacho nianze na ya Wright, kisha nizime taa na kila mmoja achore kivuli cha mwenzake kwenye karatasi ya ukutani kwa taa moja, ndipo tuirudie ya Gérard na niwaeleze kwamba Psyche haoni. Ile ya Mengs nitaiweka pamoja na maneno ya Ovid yamebandikwa chini yake, wabishane wenyewe. Swali la mwisho la kiutendaji: nataka kuichapisha ya Wright kwa A3 ili ikae ukutani. Nimejaribu steshenari ya jirani, na upande wa kushoto na chini umetoka mweusi wote, sioni chochote.

Msomaji wa Mbagala

Mkuu, picha za mwanga wa taa ndivyo zilivyo kwenye mashine za kawaida. Pakua nakala kubwa kutoka kwenye tovuti ya jumba lenyewe la Washington, wanaitoa bure, kisha kabla ya kuchapisha pandisha sehemu za giza kidogo kwenye programu ya picha, bila kugusa sehemu za mwanga, la sivyo uso wa kijana utachomeka. Chapisha kwenye karatasi ya picha, si ile ya fotokopi. Ukipita Mnazi Mmoja kwenye wachapaji wa mabango wanaweza kukutolea kipande cha majaribio kwanza. Waambie wakutolee ile pembe yenye mlango wa tanuri, kwa sababu wekundu ule ukionekana, sehemu nyingine zote zitaonekana.